Redio Iliyoogeshwa kwa Ndimu

Mwezi wa Suro, wa kwanza wa mwaka wa Kijava, ukiingia, watu wa mji wa Solo huosha urithi wa wazee wao. Jambia la babu, kichwa cha mkuki, hata mkanda uliochakaa, vyote huogeshwa kwa maji ya maua na ndimu, kwa adabu na dua, kisha hurudishwa kabatini kusubiri mwaka mwingine. Hapo hakuna ubaya. Ubaya uliingia mwaka ule ambao Haryanta, mwalimu wa hesabu mwenye akili zake timamu, aliamua kwamba redio ya marehemu baba yake nayo ni urithi, na urithi lazima uoge.

Jumatatu asubuhi alikuja nayo kwa Bu Warsih, mama fundi wa redio za zamani, kaifunga mgongoni kwa kitambaa cha batiki kama mtoto anayepelekwa zahanati. Akaitua mezani taratibu, akafuta jasho, akasema huku anakwepa macho kwamba redio imenyamaza.

Bu Warsih akafungua mfuniko wa nyuma, akanusa. Redio kongwe ina harufu yake: vumbi, nta, na mbao iliyopashwa moto miaka nenda miaka rudi. Hii ilinukia waridi.

"Pak Haryanta," aliuliza, "hii redio mmeifanya nini?"

Mwalimu akajikuna shingo, akaeleza. Yeye na ndugu zake walizichomoa taa zote tano, zile taa za kioo zinazowaka wekundu ndani ya redio za kale na kuzifanya ziseme. Wakaziogesha moja moja. Zilikuwa na maandishi ya njano. Wao wakadhani ni uchafu, wakayasugua kwa ndimu mpaka kioo kikang'aa. Ile karatasi iliyobandikwa nyuma, yenye ramani ya taa ipi inakaa wapi, iliyeyukia kwenye beseni. Basi wakazirudisha kwa kukisia, wakachomeka umeme, redio ikatoa mlio mmoja mbaya na kukata kauli.

Sasa, maandishi yale ya njano ndiyo jina la taa, yaani namba yake. Ukiwa nalo, unaweza kuitafuta mpaka Bandung. Ukiwa huna, unatafuta ndugu aliyepotea usiyejua anaitwa nani. Bu Warsih aliutazama ule usafi wote, hasira ikampanda, ikafika kooni, halafu akamwona mwalimu wa watu alivyosimama na kitambaa chake kitupu mkononi.

"Dua lakini mlisoma?" akauliza.

"Tulisoma."

"Afadhali. Maana hapa itahitajika."

Mama yake Haryanta, Mbah Karsinah, alikuwa na miaka themanini na moja. Mumewe alikuwa mpiga ngoma katika kundi la gamelan, ule muziki wa vyombo vya shaba na ngoma, la kituo cha redio cha mji, kazi aliyoifanya miaka thelathini na ushee. Kila alipokuwa studio akipiga, mkewe alikuwa nyumbani na watoto, kaweka sikio kwenye redio ile. Alimjua mumewe kwa mkono. Akipiga kwa haraka mwishoni, ana njaa. Akiburuza, kagombana na mtu. Ngoma ikiisha, wali ulikuwa tayari jikoni, wa moto, na mwenyewe akifika hana haja ya kueleza kitu. Siku ya elfu tangu alipofariki, ambayo kwao hufanyiwa kisomo, ilikuwa inaangukia Jumatano ya wiki iliyofuata, na Jumatano saa kumi alasiri kituo bado kilikuwa kinarusha gamelan kutoka studio ileile. Watoto walimwuliza bibi anataka nini kwenye shughuli, ng'ombe au mahema. Alisema hataki kitu, ila redio isikike.

Bibi hakujua kwamba imekufa. Wanawe walimdanganya kwamba imekwenda kusafishwa, jambo ambalo, ukiangalia vizuri, lilikuwa na ukweli wake. Haryanta akashusha sauti. Kama ikishindikana, alisema, si ndani unaweza kutia matumbo ya redio ndogo ya kisasa? Mama mwenyewe haoni vizuri.

"Haoni, ila anasikia," Bu Warsih alimjibu. "Redio hii ukiiwasha inachelewa kusema, mpaka taa zipate moto. Mama yako miaka yote anaiwasha, anakwenda kutia sukari kwenye chai, anakoroga, ndiyo sauti inakuja. Mkimwekea inayosema papo hapo, atajua kabla hajafika jikoni. Iache hapa. Jumatano itasema."

Neno likishatoka halirudi. Haryanta alikwenda zake mwepesi, na ule mzigo ukabaki mezani kwa mwanamke wa miaka hamsini na sita.

Jina la Bu Warsih halikuja kirahisi. Alianza akiwa na umri wa miaka kumi na saba katika karakana ya kuunganisha redio, akilehemu waya kutwa nzima mpaka ndotoni. Kisha akaolewa na Darsono, fundi mwenye kibanda karibu na reli. Darsono alikuwa na ulimi mzuri na mikono mibovu. Ilikuwa inatetemeka tangu homa ya utotoni. Basi mume akikaa mbele kuongea na wateja, mke alikuwa nyuma ya pazia akilehemu. Miaka ishirini watu waliisifu mikono ya Darsono. Alipofariki walikuja kutoa pole, na wakishatoa pole wanauliza, kwa aibu, itakuwaje kuhusu redio zao. Bu Warsih alikuwa anaingia nyuma ya pazia na kuzitoa moja moja, zote zinasema. Siku ya arobaini alilishusha lile pazia akalifanya matambara.

Kitu kimoja alikijua ambacho wateja hawakijui. Fundi wa redio za taa haishi kwa mikono, anaishi kwa watu wa vipuri. Viwanda vilivyotengeneza taa zile vilikufa zamani. Kilichobaki kiko mikononi mwa watu: mjane mwenye stoo ya mumewe, mzee aliyewahi kufanya kazi melini, mjanja wa sokoni. Bu Warsih alikuwa na daftari la namba zao za simu, na lile daftari alilitunza kuliko dhahabu ya mahari.

Siku mbili alipambana na zile taa tano. Nne alizitambua kwa matumbo, akazijaribu, zikawaka. Ya tano ilikuwa nyeupe ndani kama maziwa, maana yake kioo kimepata ufa na hewa imeingia. Hiyo ilikuwa maiti. Kazi yake aliijua, ilikuwa taa ya mwisho, ile inayoisukuma spika. Jina ndilo hakulijua. Redio yenyewe iliundwa na fundi wa mtaani miaka hiyo ya nyuma, aliyechomeka chochote alichokuwa nacho, na taa za kazi ile ziko ndugu sita wa sura moja. Ukikosea ndugu, unaunguza transfoma, na transfoma ile haina pacha. Akaipulizia taa pumzi ya mdomoni, maana mara nyingine herufi zilizofutika hujitokeza kwenye ukungu. Akaisugua kwenye nywele zake zenye mafuta. Akaiweka kwenye friji ya jirani, kando ya samaki. Wapi. Ndimu ilikuwa imefanya kazi yake vizuri mno.

Siku ya Pahing, moja ya siku tano za soko la Kijava, alikwenda soko la vitu chakavu, kwa sababu Pak Jumeri hutandika mkeka wake siku hiyo tu. Jumeri huuza kila kitu kilichowahi kuwa cha mtu mwingine. Alimtolea mfuko mzima wa taa, zote na maandishi mapya ya njano yanayometa.

"Wataka namba gani, Bu?"

Akamwambia namba haijui.

"Hilo nalo tatizo? Chagua sura unayoipenda, namba nitakuandikia hapahapa. Rangi ninayo."

Bu Warsih alicheka licha ya yote, akamtukana kistaarabu, akaondoka. Kazi ya Jumeri haina siri. Ukidanganywa pale, umejitakia mwenyewe.

Akarudi kwenye daftari. Mjane wa Malang alimwuliza namba. Mzee wa Surabaya alimwuliza namba, kisha akamweleza kwa kirefu habari za goti lake. Mwisho akampigia Kang Dadang wa Bandung, mtu mpole anayeuza mpaka ng'ambo, na yeye hakuzunguka.

"Bila namba mimi siwezi, Ceu, dada yangu. Anayesoma kioo kitupu ni mmoja tu Java nzima, Koh Kiem wa Semarang. Si alikuwa huko kwenu Solo zamani? Wewe si ulikuwa mteja wake?"

Bu Warsih alisema ndiyo, alikuwa. Akashukuru, akakata simu, akabaki kaishika.

Hapa ndipo penye shina la mambo. Koh Kiem, Mchina aliyezaliwa Solo na baba yake akazaliwa Solo, alikuwa na duka la vipuri mtaa wa tatu kutoka kwa Bu Warsih. Yeye hakuuza kwa namba. Ulimletea taa iliyokufa, akaigeuza kwenye mwanga, akaitia kwenye sanduku lake la maiti, ndipo akakupa nzima. Usiye na maiti alikwambia nenda sokoni. Hakutaka watu wa kulimbikiza na kulangua. Bibi na bwana Darsono walikuwa wateja wake tangu walipooana, na yeye ndiye mtu pekee aliyejua nani hasa anayelehemu, kwa sababu alimwona Darsono akihesabu chenji kwa mikono ile.

Kisha ukaja ule mwezi wa tano, mwaka mmoja baada ya Darsono kufariki, mji uliposhikwa na wazimu na maduka ya Wachina yakachomwa. Hakuna mtu wa Solo anayependa kuuzungumza. Bu Warsih alitoka kwenda kuangalia, akakuta mlango wa Koh Kiem umevunjwa, mwenyewe na familia wameshakimbia, watu wanatoka na televisheni vichwani, moshi unaanza nyuma. Taa za redio hakuna aliyezigusa. Nani anaiba takataka? Kando ya meza aliliona boksi alilolijua, la vile vipuri adimu ambavyo Koh aliwatolea wachache, limefungwa kamba nyekundu ya plastiki. Akalikumbatia akatoka. Nia yake ilikuwa kuliokoa, na hilo Mungu analijua. Lakini mlangoni alipishana na mwanamume aliyebeba feni, jasho linamtiririka, akamwambia kwa huruma kabisa: "Mama, umechukua kidogo. Rudi."

Lile neno lilimkaa. Alitembea nyumbani katikati ya wezi akiwa kama wao, na boksi akalisukuma mvunguni. Wiki ya kwanza alisema atalipeleka mambo yakitulia. Mambo yakatulia, akasikia Koh kahamia Semarang, akasema atalituma. Mwezi ukapita. Baada ya mwezi, utasema nini? Baada ya mwaka, utasema nini zaidi? Mtu akikurudishia mali yako siku ya tatu ni mwokozi; akikurudishia mwaka wa tatu, ni mwizi aliyechoka. Miaka kumi lilikaa pale. Hakulifungua hata siku moja, akijiambia kwamba ambaye hajafungua hajaiba, na alikuwa anafagia kulizunguka.

Sasa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ijumaa alipiga magoti, akalivuta, akalipangusa utando wa buibui, akalifunga kwenye kitambaa. Hakuwa amekata shauri la kusema. Alijiambia tu kwamba atakwenda nalo, mengine atayaona hukohuko. Jumamosi alfajiri akapanda basi la Semarang, maiti ya taa mkobani, boksi mapajani.

Nyumba ya Koh Kiem ilikuwa nyembamba, kwenye kichochoro cha Wachina, chumba cha mbele kimegeuzwa duka. Mwenyewe alikuwa kakaa karibu na mlango na fulana yake nyeupe, mzee wa miaka sabini na nne, miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kwenye paji la uso. Alimtazama mgeni kwa muda mrefu.

"Mbak Warsih," alisema, vilevile alivyomwita alipokuwa bibi harusi. "Umenenepa."

"Na wewe umezeeka, Koh."

"Mimi nilizeeka zamani. Ni wewe tu hukuwepo."

Bu Warsih aliketi, akaliweka boksi chini katikati ya miguu, ndani ya kitambaa chake, akaharakisha kutoa taa. Koh akateremsha miwani ya pili juu ya ile ya kwanza. Akauliza maiti imeuawa na nani. Imeogeshwa, Bu Warsih akasema. Kwa nini? Kwa maua na ndimu, Koh, pamoja na dua. Mzee alicheka mpaka binti yake akachungulia kutoka ndani kuona kama baba ni mzima. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Aibu hii, Koh alisema akifuta macho, mwosha mwenyewe ndiye kaileta.

Kisha akaacha kucheka. Akaigeuza taa kwenye mwanga wa mlango, akahesabu mizunguko ya waya ndani yake midomo ikichezacheza, akaitazama miguu.

"Huyu namjua," alisema. "Hawa hawakuwa wa huku kabisa. Walikuja na meli kwa makosa, baba yangu akawachukua kwa bei ya bure, akamuuzia yule fundi aliyekuwa anaunda redio kule kwetu. Hutawapata Bandung, hutawapata popote." Akaiweka taa mezani. "Mimi mwenyewe nilibaki nao wawili. Niliwatia kwenye lile boksi la karibu na meza, lenye kamba nyekundu. Basi."

Akasema basi, akatazama nje kichochoroni, ambako palikuwa na paka tu.

Bu Warsih alisikia masikio yanapata moto. Kitu alichokihangaikia wiki nzima kilikuwa kati ya nyayo zake. Na shetani siku hiyo alikuwa na hoja nzuri sana. Taa keshajua iko wapi. Aseme asante, ainuke na mzigo wake, apande basi, nyumbani afungue. Redio itasema, Mbah Karsinah atafurahi, Haryanta atashukuru, na dunia nzima haitajua kitu. Angekuwa ameiba kweli, hatimaye, baada ya miaka kumi ya kutoiba. Alimtazama mzee na miwani yake miwili, akaona hawezi. Si kwamba yeye ni malaika. Alikuwa amechoka tu.

Akainama, akafungua kitambaa, akaliinua boksi mpaka mezani.

"Koh, hili hapa. Nililitoa mimi, siku ile. Nilitaka kukuletea, nikachelewa, kisha nikaona haya. Sikulifungua."

Mzee hakulishika. Aliinama tu akaitazama ile kamba kwa karibu.

"Naona," alisema. "Fundo ni langu."

Halafu Koh Kiem akasema, taratibu, kwamba alijua. Alijua wiki ileile; muuza wali wa mbele ya duka alimpigia simu akamwambia Bu Warsih alionekana anatoka na boksi lenye kamba nyekundu.

"Nikamwambia mke wangu, mshukuru Mungu, moja limekwenda kwenye nyumba ambayo hakuna atakayelichezea."

"Ulijua?" Bu Warsih akauliza. "Miaka yote hii? Mbona hukuja kulidai?"

"Nije, nikute umeliuza? Ningekuwa nimepoteza viwili, boksi na wewe. Nikaona bora nikae na wasiwasi wangu."

Bu Warsih akajikuta anamsimulia habari za yule mwanamume mwenye feni, neno lile alilomwambia, ambalo hajawahi kumwambia mtu. Koh alisikiliza mpaka mwisho, akatafakari.

"Lakini alisema kweli," alijibu. "Ulichukua kidogo. Kulikuwa na friji mpya kule nyuma."

Hapo ndipo Bu Warsih alipolia. Alilia na kucheka kwa pamoja, mikono usoni, mabega yanatikisika, na kitu kama gunia la mchele kikamshuka mgongoni mpaka akaona kizunguzungu, akaomba maji. Binti wa Koh alileta maji, kisha akaleta lunpia, vitafunwa vya kukaangwa, za moto, na mgeni ambaye tangu Ijumaa hakuweza kumeza hata uji alikula nne bila kupumzika. Koh akafungua fundo lake kwa kucha, polepole, akakataa mkasi. Ndani kila kitu kilikuwa mahali pake, kimefungwa magazeti ya zamani. Akawatoa wale wawili. Mmoja akamrudisha, mmoja akampa Bu Warsih, na ile maiti nyeupe akaitia kwenye sanduku lake jipya la maiti.

"Utaratibu ni utaratibu," alisema.

Bu Warsih hajawahi kusinzia kwenye basi maishani mwake, huogopa kuibiwa. Siku hiyo alilala kabla hawajatoka mjini, mdomo wazi, na alipoamshwa na utingo walikuwa wamepita Solo zamani, wako Wonogiri. Alitakiwa akasirike. Alishuka, akanywa chai, akangoja gari la kurudi huku anatabasamu na watu asiowajua.

Jumatano alasiri nyumba ya Mbah Karsinah ilijaa wanawake wa mtaa wakichoma apem, vitumbua vya mchele, na kufunga wali wa shughuli kwenye majani. Redio ilirudishwa juu ya kabati lake. Haryanta alisimama pembeni anang'ata kucha, maana alikuwa haamini. Saa kumi kamili Mbah mwenyewe akaja kwa fimbo, akapapasa kitufe, akakizungusha. Kimya. Haryanta akamgeukia Bu Warsih, macho yamemtoka. Bu Warsih hakumtazama. Alikuwa anamtazama bibi, ambaye alishakwenda zake mezani, akatia sukari kwenye chai, vijiko viwili, akakoroga, kijiko kikalia kwenye glasi. Ndani ya redio kukawa na wekundu kidogo. Kisha, kutoka mbali, ikaja sauti ya shaba, ikapanda, ikajaa sebule nzima.

Mbah Karsinah alisikiliza amesimama, glasi mkononi, kainamisha kichwa upande mmoja. Wanawake waliacha kuchoma. Kipande kilipokaribia mwisho, ngoma ikaanza kukimbia.

"Huyu kijana ana njaa," alisema. Akaweka glasi chini, akachukua fimbo, akaenda jikoni kutenga wali.

Haryanta alikaa kitini akajifunika uso kwa kofia yake. Bu Warsih akatoa simu yake ndogo mfukoni, akapiga Semarang, na simu ilipopokewa hakusema neno. Aliisogeza karibu na spika akaishikilia hapo mpaka mkono ukauma. Alipoirudisha sikioni, upande wa pili palikuwa kimya.

"Koh, upo?"

"Nipo." Mzee alikohoa. "Chini ya sauti nasikia mvumo. Ile kapasita kubwa hukuibadilisha."

"Sina, Koh. Sijapata mwenye nayo."

"Ninayo mimi. Njoo uichukue. Na maiti yake usiisahau."